Presha kuka ya umeme: nimeipima kwa LUKU

Boksi liliandikwa inaokoa umeme asilimia 70. Muuzaji akakoleza: "Dada, maharage dakika 30 tu." Nikalipa, ila mimi na maneno ya boksi hatuivi chungu kimoja, nikaamua kuipima mwenyewe kwa LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla.

Jaribio la kwanza niliharibu. Nilisoma uniti kabla na baada ya kupika, nikasahau friji inawaka na watoto wanaangalia katuni. Jumamosi iliyofuata nikazima kila kitu, watoto wakanuna, nikaweka nusu kilo ya maharage makavu na lita mbili za maji. Presha kuka ikala uniti 0.38. Kesho yake kipimo kilekile, maharage ya mfuko uleule, kwenye jiko la kawaida la koili, sufuria imefunikwa: uniti 1.42, na saa mbili na nusu za kuchungulia na kuongeza maji. Kwa bei ninayonunulia, uniti moja kama shilingi 356, hiyo ni shilingi 135 dhidi ya 505.

Kwa hiyo boksi halikudanganya? Kwenye maharage, hapana. Huku Iringa tuko juu, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, ndiyo maana maharage yanatutesa kuliko watu wa Dar. Presha inapandisha joto kupita nyuzi 100, na ikishashika, presha kuka inawaka na kuzima yenyewe, haili umeme muda wote.

Lakini wali wa nusu kilo? Uniti 0.20, na kwenye koili 0.24. Tofauti ya shilingi 14! Chakula chenyewe kinaiva haraka, presha ifanye kazi gani? Hiyo 70 ni ya maharage, makande na makongoro. Mwenye kula wali na mayai kila siku asiitegemee.

Na zile dakika 30 zina ujanja wake. Saa inaanza kuhesabu presha ikishajaa. Kabla ya hapo nilingoja dakika 17, na baada ya hapo kuna kuachia mvuke. Kwangu ilikuwa dakika 55 tangu nibonyeze hadi nifungue. Bado ni nafuu, ila usibonyeze saa saba kasoro ukitegemea wageni watakula saa saba na nusu.

Mpira wa mfuniko unashika harufu. Wali niliopika baada ya makongoro, mdogo wangu aliuita pilau. Siku hizi nauchomoa, naulowesha kwenye maji ya limao.

Ugali nilijaribu mara moja. Sufuria ya ndani haina mshikio, ukisonga inazunguka na mwiko. Mume wangu aliishika kwa taulo huku na huku, mimi nasonga, tukacheka mpaka ugali ukashika chini. Umeme uliotumika hata sikuusoma.