Kizunguzungu cha kugeuka kitandani: vidonge au kugeuzwa kichwa?

Kama ukigeuka tu kitandani au ukiinua kichwa kuangalia juu ya kabati nyumba nzima inazunguka, sekunde chache halafu inatulia, mara nyingi hiyo sio presha wala upungufu wa damu, ni vile vichembe vya chokaa vya ndani ya sikio vimetoka mahali pake vikaingia kwenye mifereji ya balansi.

Wengi wanakimbilia duka la dawa wanapewa sinarizini, vidonge vya kutuliza kizunguzungu. Sawa, kichefuchefu kinapungua, lakini inakuletea usingizi na vichembe viko palepale, kesho ukigeuka mambo ni yaleyale. Mzee akimeza hizo wiki na wiki anazidi kuyumba, anaweza kuanguka akavunjika nyonga, na hilo linaniuma kweli.

Njia ya pili ni ya Dk. John Epley wa Marekani, aliichapisha 1992, haina kidonge hata kimoja. Kwanza unapimwa, kichwa kinageuzwa digrii 45, unalazwa chali haraka kichwa kikining'inia kidogo, daktari anaangalia macho yanavyochezacheza. Akishajua ni sikio lipi anakizungusha kichwa upande wa pili, unalala ubavu uso ukielekea chini, kila pozi kama nusu dakika hivi, kisha unainuliwa unakaa. Wengi wanapona mara ya kwanza au ya pili. Kama una shida ya shingo mwambie kabla hajaanza.

Mimi nasema kugeuzwa kwanza, vidonge viwe vya kutuliza kutapika tu kwa siku chache. Ila kizunguzungu kikija na mdomo kupinda, ulimi mzito au kuona vitu viwiliviwili, achana na vyote, wahi emajensi sasa hivi, inaweza kuwa kiharusi.