Bakshishi kwenye meli ya kitalii: uzoefu wangu wa usiku saba Mediterania

Nianze na meli yenyewe, maana wengine hilo ndilo mtakalotaka kujua kwanza. Tulipandia Barcelona, tukapita Marseille, Genova, Napoli, Messina na Valletta, kisha siku nzima ya bahari tupu kabla ya kurudi Barcelona. Chumba kilikuwa kidogo lakini safi, roshani ilitosha viti viwili. Chakula kilikuwa kizuri jioni, cha kawaida mchana. Maonyesho ya usiku yana kelele mno kwa masikio yangu. Kwa hayo peke yake ningetoa nyota nne na kunyamaza.

Kilichonifanya niandike ni bakshishi. Asubuhi ya siku ya pili, kabla hatujashuka Marseille, mume wangu aliwasha runinga ya chumbani aangalie akaunti yetu, akakuta tumekatwa euro 24. Mstari ulisomeka "ada ya huduma ya hoteli", euro 12 kwa kila mmoja wetu. Kwa siku saba inafika euro 168. Kwenye tangazo la safari bei iliandikwa kubwa, ikapendeza. Ada hii ilikuwa chini kabisa kwenye masharti, kwa herufi ndogo kama sisimizi. "Mbona tunakatwa hata hatujahudumiwa?" akaniuliza. Nilikuwa nimekasirika kuliko yeye. Niliwahi kuhudumu mezani kwa miaka miwili, na kwangu bakshishi ni kitu kinachotoka mkono huu kuingia mkono ule, watu wakitazamana usoni.

Hata melini zamani ilikuwa hivyo. Msafiri alikula meza ileile, saa ileile, akihudumiwa na watu walewale wiki nzima, na usiku wa mwisho aligawa bahasha: ya mhudumu wa meza, ya msaidizi wake, ya msafisha chumba. Makampuni yalipowaruhusu watu kula popote na saa yoyote, bahasha zikakosa mwenyewe, na mahali pake ikaingia ada ya kila siku. Leo kwenye makampuni makubwa ya Marekani ni kama dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku kwa vyumba vya kawaida, na vinywaji vya baa huongezewa asilimia 18 au 20. Kwenye meli yetu baa iliongeza asilimia 15, halafu risiti ikaja na mstari mtupu wa kujaza bakshishi nyingine tena. Hilo nililichukia. Mtu ametoka juani, amechoka, anapewa kalamu asaini, hajui kama ameshalipa au bado. Mstari ule haukuwekwa pale bure.

Sasa mhudumu wa chumba chetu. Alikuwa kijana kutoka Indonesia, mpole, mwenye hatua zisizosikika. Siku ya kwanza aliona mume wangu ametoa mto mmoja akauweka kitini. Tangu usiku ule kitanda kikawa na mto mmoja upande wake na mitatu upande wangu, bila mtu kuomba. Miwani yangu ya kusomea niliyozoea kuitupa popote nilikuwa nikiikuta juu ya kitabu, imefutwa. Asubuhi moja nilitoka saa kumi na mbili na nusu kutazama meli ikiingia Genova, nikamkuta kwenye ujia anapanga mashuka kwenye kigari chake. Siku hiyohiyo, saa nne usiku tunarudi kulala, yuko palepale, anapanga taulo. Nikamuuliza ana vyumba vingapi. "Kumi na sita, mama. Mara mbili kwa siku." Na mkataba? Miezi tisa, hakuna wikiendi. Aliyasema kama mtu anayetaja hali ya hewa, na hakugusa habari ya pesa kabisa. Nilimjaribu mara mbili, akabadilisha mazungumzo.

Mezani jioni tulikuwa wanane, na ndipo nilipoelewa kwamba watu wanaweza kula sahani moja na kuona vitu tofauti kabisa. Wamarekani wawili, mtu na mkewe, walitoa euro 50 usiku wa kwanza, mbele ya supu, na ada hawakuigusa. Mzee alikuwa amewahi kuhudumu mgahawani ujanani. Akaniambia kwao sheria ya taifa inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, na kiwango hicho hakijapanda tangu 1991. Majimbo mengine yamepandisha, mengine yameacha palepale. "Nikiondoka bila kuacha kitu," akasema, "nimekula jasho la mtu." Kwake huo si ukarimu, ni deni.

Waingereza walikuwa baba na binti yake mtu mzima. Baba alishaenda mapokezi akaiondoa ada yote siku ya pili, maana kampuni huiita ya hiari. Hakuwa bahili, mvinyo wa meza nzima aliulipia yeye mara mbili. Alisema mshahara ni kazi ya mwajiri, na kadiri abiria tunavyoendelea kuujazia, ndivyo kampuni itakavyoendelea kulipa kidogo. Binti yake aliinamia sahani mpaka baba alipomaliza, kisha akasema polepole, "Sawa baba, lakini wiki hii aliyepunguziwa ni huyu anayetuletea mkate, siyo kampuni." Baba hakujibu. Waaustralia ndio walioshangaa kuliko wote: ada gani? Tiketi yao iliuzwa kwao bakshishi ikiwa tayari ndani ya bei, hawakuwahi kuuona mstari huo. Walikuwa na furaha wiki nzima, hawamdhanii mtu vibaya. Niliwaonea wivu.

Na kwenye basi la Napoli nilikaa na mama mmoja wa Kijapani aliyesema kumpa mhudumu noti mkononi humtia haya yeye mwenyewe, kwa sababu ni kama kumwambia kazi yake ilikuwa na upungufu unaohitaji kusukumwa na pesa. Ada ya kimyakimya kwenye akaunti alisema inamfaa kuliko bahasha. Sikuwahi kufikiria kuwa kitu nilichokiona cha baridi, kisicho na utu, mwenzangu angekiona ndicho chenye adabu.

Sisi tuliamua siku ya tatu. Tungeiondoa ada, na zile euro 168 tungewapa wenyewe: kijana wa chumba na wahudumu wetu wawili wa meza. Tuliona ndiyo haki iliyo safi kabisa. Mapokezi hawakuuliza neno, dada wa pale akavuta fomu kutoka kwenye rundo, akaonyesha pa kusaini. Lile rundo lenyewe lilinishtua, lilikuwa nene. Nikasema nitairudisha baadaye.

Jioni nilimweleza mhudumu wetu wa meza nia yetu, nikidhani atafurahi. Alisimama akiwa ameshika jagi la maji, akatazama alipo msimamizi wake, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ada ile haiwaendei wao watatu tu. Inagawiwa pia kwa watu ambao abiria hatuwaoni kamwe: wa dobi, wa kuosha vyombo, wanaosafisha usiku. Na kwamba chumba kikiiondoa, namba yake huonekana kwenye orodha, na pesa taslimu wanazopewa na chumba hicho wanatakiwa kuzirudisha kwenye mfuko wa wote. Sio kila kampuni ina kanuni hiyo, lakini baadhi wanayo. "Mkitupa zaidi ya ada, ni yetu. Mkitupa badala ya ada, si yetu." Akamimina maji akaondoka.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilipohudumu mezani, jikoni kulikuwa na mama aliyekuwa akiosha vyombo. Kila nilichoangusha kwenye beseni lake alikipokea, mikono imechubuka kwa sabuni, na kila jioni mimi niliondoka na noti mfukoni kwa sababu wateja walikuwa wanauona uso wangu. Yeye hakuwahi kupata hata senti ya bakshishi, na mimi sikuwahi kumgawia. Sikuona kosa. Nilidhani bakshishi inakwenda kwa aliyetabasamu. Nilikuwa karibu kumfanyia hivyohivyo mtu mwingine ghorofa kadhaa chini ya kitanda changu, tena nikijiona mtenda haki. Asubuhi niliichana fomu.

Kwa hiyo msimamo wangu, kwa anayeuliza: msiondoe ada. Kama huduma ilikuwa mbovu, nenda mapokezi siku ileile ueleze nani na lini, irekebishwe. Msiwakate watu wa dobi kwa sababu kahawa ilichelewa. Lakini pia sitaki kampuni ijifiche nyuma ya huruma yangu. Mwingereza yule alikuwa na hoja, na hoja yake imebaki nami. Meli nyingi za aina hii zinapeperusha bendera za Bahamas, Panama au Malta, kwa hiyo kima cha chini cha mshahara cha bandari zinakotia nanga hakiwafikii wafanyakazi wake. Kinga yao kubwa ni Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013. Huo unataka mtu apumzike walau saa 10 katika kila 24, na 77 katika siku saba. Ukizigeuza hesabu hizo unaona mtu anaweza kufanya kazi saa 14 kwa siku moja, na 91 kwa wiki, na sheria isivunjwe. Nilipomkumbuka kijana wetu wa saa kumi na mbili na nusu asubuhi na saa nne usiku, niliacha kujiuliza kama ananihadaa kwa upole wake.

Malalamiko yangu kwa kampuni ni haya. Kama ada inalipwa na karibu kila mtu na inategemewa na wafanyakazi kama mshahara, basi ni bei, na iandikwe kwenye bei. Kuiita "ya hiari" kunamgeuza abiria kuwa mwajiri asiye na daftari: ananyimwa hesabu lakini anaachiwa lawama. Nilimwomba msimamizi mmoja aniambie kati ya euro 12 zangu ngapi zinafika kwa mhudumu. Alinipa kijitabu chenye picha za kupendeza na neno "timu" mara nyingi. Namba hakuna.

Inawezekana kufanya vingine. P&O Cruises ya Uingereza ilifuta ada ya bakshishi mwaka 2019 ikaiingiza kwenye nauli, Marella nao huuza safari zao hivyo, na makampuni ya bei ya juu kama Seabourn, Silversea na Regent bakshishi imo tayari. Unapolinganisha safari mbili, zidisha ada kwa idadi ya watu na idadi ya siku kabla ya kusema hii ni nafuu. Familia ya wanne inaweza kukuta nafuu yote imeyeyuka. Ukiweza, ilipe ada mapema, wakati wa kukata tiketi, ili ukiwa melini usiwe unaamka kila siku na mstari mpya kwenye runinga. Waongozaji wa matembezi ya nchi kavu hawamo kwenye mfuko huo. Yule aliyetutembeza Valletta kwenye mawe ya joto kwa saa tatu tulimpa papo hapo.

Usiku wa mwisho foleni ya mapokezi ilifika kwenye ngazi. Wengine walikuwa na matatizo ya kweli ya bili. Wengi walikuwa na ile fomu. Mbele yangu mwanamume aliyevaa shati la kitani alisaini huku akiendelea kuongea na mwenzake, hakutazama hata karatasi. Dada wa mapokezi akaipokea kwa mikono miwili, akamshukuru kwa kusafiri nasi. Sijui kama naye yumo kwenye mgawo. Sikuweza kumuuliza.

Huduma naipa nyota tano bila kusita. Jinsi kampuni inavyoilipia, mbili.

Asubuhi ya kuondoka, Barcelona, kijana wetu alikuwa tayari ameshavua mashuka ya chumba cha jirani. Wageni wapya wangepanda mchana huohuo. Mume wangu alimpa bahasha yenye euro 40, juu ya ada. Mimi nilimpa barua niliyomwandikia msimamizi wake, nikieleza habari ya mito na ya miwani. Bahasha aliitia mfukoni bila kuifungua. Barua aliisoma pale mlangoni, amesimama, taratibu, mpaka mwisho. Kisha akatoa kalamu yake akaniomba, kama si usumbufu, niongeze namba ya chumba chetu juu, ili ofisini wajue barua imetoka kwa nani. Nikaiandika nikiwa nimeegemeza karatasi kwenye kigari chake, juu ya taulo safi.