Kinyozi wa Tabata anayewaweza watoto wasiotulia, apewe hela yake

Naandika hii kwa wazazi ambao kumnyoa mtoto kwao ni vita. Sio wale wanaolia kidogo wakipewa pipi wananyamaza, nawasemea wale wanaoruka kwenye kiti, wanapiga mateke, wanang'ata mkono wa mtu mpaka saluni nzima inawageukia nyie. Kijana wangu ana miaka saba, ana ADHD, yani hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kukaza akili kwenye kitu kimoja, na sauti kubwa pamoja na kuguswaguswa kichwani vinamvuruga vibaya sana. Sasa hivi tuna kinyozi, yupo Tabata, kafremu kamoja tu viti viwili, na kwa mtoto wa aina ya wangu sijaona mwingine kama yeye hapa Dar.

Shule zetu mnazijua, nywele zikizidi kidogo tu Jumatatu mstarini mwalimu wa zamu anamtoa pembeni, kwa hiyo kunyoa sio kitu cha kusema tutasubiri mpaka akue. Kabla ya hapa tulimpeleka saluni moja kubwa ya kisasa, nzuri kwa macho, ina kiti cha gari cha watoto, ina taa za rangi rangi, ila singeli imefunguliwa mpaka vioo vinatetemeka, halafu mtoto alipoanza kukataa wakaja vijana wawili wakamshika mmoja kichwa mmoja mikono, na mimi nikaambiwa mama toka nje, ukiwepo wewe ndo anadeka. Alinyolewa ndio. Usiku akakojoa kitandani, kitu alichokuwa ameshaacha, na kwa muda mrefu baada ya hapo tukiwa kwenye bajaji akiona tu lile bango lenye vichwa vimechorwa mitindo anaziba masikio.

Watu wanaita ukaidi. Jamani, hebu jiwekeni hiyo mashine wenyewe. Ikigusa ule mfupa wa nyuma ya sikio mtetemo unapita kwenye fuvu unaingia mpaka ndani ya sikio, yani mtoto hata azibe masikio na vidole bado anaisikia. Weka na kile kitambaa cha nailoni kilichokazwa shingoni kinachakarisha, vinywele vinawasha mgongoni, mtu usiyemjua anakuinamisha kichwa huoni kinachokuja, na juu ya yote unaambiwa usitikisike, wakati kutotikisika ndio kazi ngumu kuliko zote kwa huyu mtoto.

Sasa huyu kinyozi. Siku tuliyofika hakumnyoa kabisa. Alivuta ndoo akaigeuza akaikalia, akawa chini kuliko mtoto, akamwambia bosi hii mashine inalia sana, unataka kuishika? Akampa ikiwa imezimwa, akamwonyesha swichi. Mwanangu akawasha, akazima, akawasha, akazima, mpaka akaridhika mwenyewe. Kisha kinyozi akamgusisha na mgongo wa mashine sio meno, kwenye kiganja, akaja gotini, akaja begani, na kila sehemu anamuuliza kwanza. Mtoto akasema inatekenya. Akamwambia basi leo inatosha, njoo na mama katikati ya wiki hakuna watu. Nikatoa hela akakataa, akasema sijanyoa mtu mimi.

Tulivyorudi ndo nikaona kazi yenyewe. Kuna sheria moja kati yao wawili: mtoto akinyoosha mkono juu, anko anazima mashine. Basi. Mwanzoni alikuwa ananyoosha kila baada ya muda mfupi, mashine ikigusa tu mkono huo juu, na mimi pale kwenye benchi roho inanidunda nasema sasa hivi huyu kijana wa watu atachoka atatufukuza. Hakuchoka, au kama alichoka hakuonyesha, anazima, anasubiri, anamuuliza tuendelee? Na hata pale amebakiza kipande kidogo tu juu ya sikio, pale ambapo mtu yeyote angesema vumilia namalizia, alizima. Nadhani mtoto alikuwa anapima kama huyu mtu ni wa kweli. Siku hizi mkono unanyooka mara chache sana na wakati mwingine haunyooki kabisa.

Kitu kingine anamwambia kila hatua kabla hajaifanya. Sasa napita nyuma mara tano, hesabu na mimi. Wanahesabu wote. Ikifika tano anatoa mkono kweli, haongezi ya sita. Na kiti anakigeuza kioo kiwe mbele muda wote, nilipomuuliza akanambia mama mtoto anaogopa mkono asiouona, mpe kioo aone mkono wangu uko wapi. Hakuna mtu aliyemfundisha hayo darasani.

Na ndo maana nilishangaa, kwa sababu ni yaleyale tuliyokuwa tunafundishwa kliniki. Kwa wasiojua, ADHD haina kipimo cha damu wala picha ya kichwa, wataalamu wanaangalia dalili zilizodumu miezi 6 au zaidi, zilizoanza kabla ya miaka 12, tena zionekane sehemu zaidi ya moja, mfano nyumbani na shuleni, sio kwa bibi tu. Na kwa wadogo wa miaka 4 na 5 mwongozo wa chama cha madaktari wa watoto wa Marekani wa 2019 unasema wazazi wafundishwe kwanza namna ya kuongoza tabia, kabla ya kufika kwenye dawa. Mafunzo yenyewe ukiyasikia utaona kama mambo madogo: toa agizo moja moja na liwe fupi, mpe taarifa mapema kitu kinachofuata, na ukimsifia taja alichofanya na useme palepale. Kusema tu mtoto mzuri haimsaidii kujua arudie nini. Kinyozi anamwambia bosi umetuliza shingo mpaka nimemaliza sikio lote, safi. Ukimwona mtoto anavyonyoosha mgongo akisikia hivyo!

Usafi nao nampa alama zote. Kila akimaliza kichwa anapiga brashi meno ya mashine, anapaka spiriti, anaiacha ikauke ndipo aite mwingine, na hilo wazazi msilichukulie poa maana mapunye yanapita hivihivi kwenye mashine toka kichwa hadi kichwa. Wembe kwa watoto hatumii, pembeni anachonga na kimashine kidogo. Spiriti mwanangu hataki kwa kuwa inachoma, kwa hiyo anampaka poda tu. Na kitambaa cha nailoni alipoona kinamsumbua alisema njooni na kanga ya nyumbani, tukawa tunaenda na kanga ya bibi yake, inafungwa kwa ulegevu na vita vya shingoni vikaisha.

Nitasema na yasiyo mazuri ili usiende ukanilaumu. Jumamosi na Jumapili usithubutu. Foleni inafika nje, kuna mpira kwenye tivii watu wanapiga kelele, hata yeye anakuwa na haraka na ile utulivu yake inapungua. Umeme ukikatika ana mashine ya chaji lakini ina sauti tofauti na mwanangu aliikataa katakata tukarudi nyumbani nusu kichwa. Choo hakuna, unaomba kwa jirani. Na ukimkosa yeye ukamkuta msaidizi wake geuza urudi, ni kijana mpole ila hajaiva kwenye hili, anasema haya tulia kaka kisha anashika kichwa.

Bei ni 5,000, sawa na mtu mzima. Nimesikia akina mama wanalalamika kwamba mtaani mtoto ananyolewa 2,000. Ni kweli, lakini huyo wa 2,000 anamaliza haraka anaita mwingine, huyu wetu mwanzoni alikuwa anatumia karibu saa nzima kwa kichwa kimoja kidogo, hapo angeshanyoa wakubwa watatu. Mimi namuongezea na naona bado ananidai shukrani. Ukiwa na mtoto wa aina hii unajua unavyolipa kila mahali kwa namna nyingine, unalipa kwa kuacha kwenda harusini, kwa kushuka daladala kabla ya kituo, kwa dada yake mkubwa ambaye kila Jumamosi yake inaharibika sababu ya mdogo wake. Sasa hivi siku ya kunyoa dada mtu anakuja na kitabu chake anakaa kwenye benchi anasoma, hakuna anayemwangalia kwa huruma. Na baba yao, ambaye alikuwa na msimamo wa mwanaume ajikaze, ndo anayempeleka siku hizi, na wanarudi wanahesabu njia nzima.

Kuna kitu kimoja kilinifanya niamue kuandika. Alikuwepo mzee mmoja anasubiri zamu yake, mwanangu akapiga kelele mashine ilipofika karibu na sikio, yule mzee akasema mpige kofi moja tu huyo, mnawalea kama mayai. Mimi nilishazoea, nikainamisha macho. Kinyozi akazima mashine, akageuka, akasema kwa adabu kabisa, shikamoo mzee wangu, samahani kwa kukuchelewesha, ila huyu ni mteja wangu kama wewe ulivyo mteja wangu, namalizana naye kwanza. Mzee akaitikia marahaba akanyamaza. Sijawahi kutetewa hivyo mbele za watu na mtu ambaye sio ndugu yangu.

Kama unaenda, nenda Jumanne mpaka Alhamisi, saa nane mchana au kabla shule hazijatoka. Beba kanga na fulana ya kubadilisha akimaliza, maana vinywele vikibaki mgongoni safari ya kurudi itakuwa ngumu. Mpigie kabla, namba njooni inbox nitawapa, siiweki hapa wazi bila ruhusa yake. Ukimpigia mwambie mtoto wako ana shida gani bila kuona aibu, atakuuliza mwenyewe kinachomsumbua zaidi ni sauti au kuguswa, na jibu lako ndo litaamua aanzie wapi.