Hotuba ya bwana harusi: huduma ya sekretarieti moja ya Kadutu

Wanaume wengi wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wanaojiandaa kufunga ndoa huhangaikia mahari, ukumbi na mavazi kwa miezi, huku hotuba ikiachwa hadi usiku wa kuamkia sherehe. Ndiyo maana naisifu sekretarieti moja ndogo ya eneo la Kadutu mjini humo ambayo, mbali na kuchapa barua na kutoa fotokopi, humsaidia bwana harusi kutengeneza maneno yake. Mzee anayeiendesha alikuwa mwalimu, na hakubali kukuandikia hotuba kuanzia mwanzo. Anataka uje na karatasi yako, hata iwe imeandikwa ovyo, kisha uisome kwa sauti huku yeye akisikiliza bila kuitazama.

Ustadi wake uko katika kupunguza na kupanga. Rasimu yangu ilianza na marafiki wa kazini. Aliwapeleka mwisho, akatanguliza wazazi wa bibi harusi, wakafuata wazazi wangu, wasimamizi wetu na wageni waliotoka mbali, kwa kuwa wazee husikiliza sana nani ametajwa kwanza. Sentensi iliyotaja ng'ombe wa mahari aliifuta kabisa, akieleza kwamba jambo hilo lilikwisha kuzungumzwa na wasemaji wa familia zote mbili, wala halifai kurudiwa ukumbini. Pale nilipoandika "nawashukuru kwa kunipa binti yenu" tulikaa muda mrefu, hadi ikawa: "Baba, Mama, mlimlea kwa jasho, na leo mmenipokea mimi pia kuwa mtoto wenu." Mama mkwe aliposikia maneno hayo aliinuka kitini akaja kunikumbatia kabla sijamaliza, na protokole, yaani msimamizi wa ratiba ya sherehe, akaniachia nafasi.

Karatasi yenyewe huchapwa kwa herufi kubwa na mistari iliyoachana, jambo la maana sana umeme unapokatika na ukumbi kubaki na taa chache za jenereta. Bei ni ya haki. Upungufu niliouona ni salamu za Mashi, lugha ya Washi, ambazo zilichapwa na makosa. Heri kumwomba shangazi au mzee wa ukoo azipitie.

Anayefunga ndoa Jumamosi aende mapema katika wiki, kwa sababu Ijumaa foleni ya wenye kuchapisha programu za misa na mialiko hujaa hadi barazani, na mzee hapati tena utulivu wa kumsikiliza mtu.