Dinari za Fedha za Hungaria katika Duka la Vitu vya Kale, Lamu

Katika duka moja la vitu vya kale, kwenye kichochoro cha nyuma ya Usita wa Mui, pana kisahani cha sarafu nyembamba ambazo mwenye duka ameziandikia kuwa ni za Kireno. Si za Kireno. Nilipoazima kioo chake cha kukuzia, nilisoma ukingoni mwa mojawapo jina la mfalme Matthias wa Hungaria, aliyetawala kuanzia 1458 hadi 1490, na upande wa pili nikamwona Bibi Maryamu amempakata mwanawe.

Dinari hii, nyepesi kuliko gramu moja, inamfaa mkusanyaji anayeanza, kwa kuwa alama zake zinasomeka bila ya ualimu mwingi. Katikati ya ngao yumo kunguru mwenye pete mdomoni, nembo ya ukoo wa Hunyadi (kunguru wetu wa Lamu huishia kwenye kuiba samaki), na herufi K kando ya Bibi Maryamu ni ya Kremnica, mji wa migodi ambao Wahungaria huuita Körmöcbánya na ambao leo umo Slovakia. Kwa kuwa zilipigwa kwa nyundo, mduara haukukamilika na baadhi ya herufi zimeangukia nje. Hiyo si kasoro, na iliyo duara kamili ndiyo ya kutiliwa shaka.

Iliyonivutia zaidi ni dinari ya Louis wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 1342 hadi 1382, yenye kichwa cha mtu mweusi. Hudhaniwa kuwa ni fumbo la jina la Jacobus Saracenus, msimamizi wa upigaji sarafu, kwani Wazungu wa zama hizo waliwaita Waislamu Wasaraseni. Kwa masikitiko, uso huo umekaribia kufutika, maana mwenye duka huzisugua sarafu kwa ndimu na majivu kama asuguavyo bangili, akiuondoa ule utando mweusi ambao wakusanyaji huuthamini. Nilipomweleza, alinijibu kwa upole kwamba mteja hanunui fedha nyeusi. Kwa bangili, amesema kweli.

Kila moja huuzwa shilingi 3,500, njema na mbovu, na ukizungumza naye vizuri hushuka hadi 3,000. Ya Matthias, ambayo haikuwa imesuguliwa, nilinunua bila kusita; ya Louis niliirudisha kisahanini. Zipo nyingine ndani ya mkebe ambazo hazijaguswa na ndimu, na anayekwenda aombe aonyeshwe hizo kwanza.