Uzoefu wangu na Feeder: kuandika kila Ijumaa bila kuwasusa wenzangu

Naandika mapishi ya kwetu Tanga kwenye blogu yangu tangu 2019. Miaka mitatu ya mwanzo sikuwahi kumaliza miezi mitatu bila kukatika, na si kwamba nilikosa cha kuandika. Muda wangu ulikuwa unaliwa na kusoma. Nikishika simu usiku niwatembelee wanablogu wenzangu, naanza kwa dada mmoja wa Mombasa, naona hajaweka kitu, naingia Facebook kuangalia kama ametangaza jipya, huko nakutana na mambo mengine ishirini. Inafika saa tano na nusu, sijasoma cha mtu yeyote na changu sijakigusa. Nikijifungia niandike, basi wiki tatu nzima sionekani kwa mtu. Na blogu ndogo kama zetu ni kama ujirani: usipokwenda kwa watu, nao hawaji kwako.

Kilichonitoa hapo ni Feeder, programu ya simu za Android ambayo nimeitumia zaidi ya miaka miwili sasa.

Kwa asiyejua, blogu karibu zote hutoa mlisho, ule unaoitwa RSS. Ni faili ambalo blogu hulijaza yenyewe kila chapisho jipya linapotoka: kichwa, tarehe, na maandishi yote au sehemu yake. Mambo haya yapo tangu 1999. Waliokuwa mtandaoni zamani watakumbuka ile alama ya rangi ya chungwa pembeni ya kurasa, na wengi walisomea kwenye Google Reader hadi ilipofungwa tarehe 1 Julai 2013. Wakadhani RSS imezikwa nayo, kumbe milisho iliendelea kutoka kimya kimya mpaka leo. Kazi ya Feeder ni kupita kwenye blogu zote ulizochagua, kuokota yaliyo mapya na kukuwekea mahali pamoja.

Kuingiza blogu ni kubandika anwani yake tu, mara nyingi programu hutafuta mlisho yenyewe. Ikishindwa, kwa blogu ya WordPress ongeza /feed mwishoni mwa anwani, kwa ile ya Blogspot ongeza /feeds/posts/default. Mimi niliingiza blogu 34 kwa jioni moja, chai ikiwa mezani.

Ni ya bure, haina matangazo, haikudai ufungue akaunti, na msimbo wake, yaani maandishi ya kompyuta yanayoiendesha, uko wazi kwa yeyote kuukagua. Kwangu mimi ninayenunua bando kwa kuhesabu, kilichonifurahisha zaidi ni kwamba unaweza kuiamuru ipakue kwenye Wi-Fi peke yake. Inapakua nikiwa kazini, halafu nasoma kwenye daladala jioni bila kutumia hata MB moja. Ukiiambia ichukue makala nzima, maandishi yote yanakuwa ndani ya simu.

Lakini sababu hasa ya kuipenda ni mpangilio wake. Machapisho yanakaa kwa tarehe. Hakuna anayeamua kwa niaba yangu nani nimwone na nani afichwe. Yuko mama mmoja wa Lamu anayeandika mara moja kila miezi miwili, na akiandika ni darasa. Kwenye mitandao ya kijamii machapisho yake yalikuwa yananipita kila mara. Hapa anatokea sawasawa na anayeandika kila siku.

Mlisho hauleti maoni. Unasoma makala, ila kama unataka kusema neno lazima ufungue ukurasa wenyewe. Mwanzoni niliona usumbufu, nikawa nasoma na kupita. Baadaye nikajiwekea utaratibu: kila Jumamosi asubuhi nachagua makala tatu kati ya nilizosoma wiki hiyo, nakwenda pale na kuandika maoni yenye kitu ndani yake. Nimejaribu nini, nimekwama wapi, kwetu tunafanyaje. Si kusema “nzuri sana” nikaondoka.

Mfano ni mkate wa kumimina. Wangu ulikuwa unaumuka vizuri, halafu ukitoka kwenye moto unabonyea katikati. Nilitafuta mtandaoni mwaka mzima sikupata jibu. Siku moja Feeder ikaniletea makala ya bibi mmoja wa Mombasa kuhusu mkate wa sinia, nikasoma mchele uliolowekwa usiku, tui, hamira, iliki, nikagundua ni mkate ule ule! Nilikuwa natafuta kwa jina la kwetu wakati wao wanaandika kwa jina la kwao. Nikamweleza shida yangu, akajibu siku ile ile: “Mwanangu, unauacha uumuke mno. Ukiona viputo vimeanza kutoka juu, utie motoni, na ute wa yai uweke mwisho.” Nilifuata. Ijumaa iliyofuata nikaandika makala yake na kuweka kiungo cha kwake, na wasomaji wake kadhaa wakaja kwangu. Hadi leo tunasomana.

Upande wa kuandika, siri yangu ni ratiba. Naandika Jumapili, napanga chapisho litoke Ijumaa saa moja asubuhi. WordPress na Blogger (ndiyo hiyo Blogspot) zote zina nafasi ya kupanga siku na saa. Angalia tu saa za eneo kwenye mipangilio: ikibaki UTC, yaani saa za kimataifa, chapisho ulilopanga saa moja litatoka saa nne, maana sisi tuko mbele kwa saa tatu. Mimi nilitoa machapisho mawili kwa kuchelewa kabla sijaelewa.

Na jambo moja lililoniuma. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji na orodha yote ya blogu ilikuwa humo. Sikuwa nimetoa nakala. Nilikaa wiki mbili nikikumbuka anwani moja moja, na nyingine sijazipata mpaka leo. Feeder ina sehemu ya kutoa orodha kama faili la OPML, aina ya faili inayobeba anwani za milisho yako yote. Itoe mara moja kwa mwezi, ujitumie kwa barua pepe. Faili hilo linafunguka hata kwenye programu nyingine za aina hii.

Kurasa za Facebook na Instagram hazitoi mlisho, kwa hiyo wenzangu waliohamia huko moja kwa moja nimewapoteza kwenye orodha, na hilo bado linanisikitisha. Chaneli za YouTube zinao, na Substack, ile huduma ya kutuma majarida kwa barua pepe, pia. Dada yangu mwenye iPhone anatumia NetNewsWire, nayo ni ya bure, na ile faili yangu ya OPML aliifungua humo bila shida yoyote.