Nilinunua RAV4 Prime Maryland, naiendesha Ohio: uzoefu wangu

Mwezi wa Machi 2024 nilipanda basi kutoka Columbus, Ohio, hadi Baltimore, Maryland, kwenda kuchukua Toyota RAV4 Prime ya mwaka 2021 iliyokuwa na mmiliki mmoja tu kabla yangu. Jamaa zangu walishangaa kwamba ninafuata mbali hivyo gari ambalo jina lake limejaa kila mtaa, lakini Prime si RAV4 ya kawaida: huchajiwa kwa plagi, hutembea takriban maili 42 kwa umeme mtupu kabla ya kutegemea injini yake ya petroli, na ilipoanza kuuzwa ilipelekwa kwanza katika majimbo yaliyokuwa yakifuata kanuni za California za magari yasiyotoa moshi. Maryland ilikuwamo katika orodha hiyo, Ohio haikuwamo.

Kabla ya kukata tiketi niliomba namba ya chesesi, nikaiingiza katika tovuti ya NHTSA, mamlaka ya Marekani ya usalama barabarani, ili kujua kama kuna marekebisho ya mtengenezaji ambayo hayajafanywa, kisha nikamlipa fundi wa kujitegemea wa hukohuko alikague. Niliomba pia picha ya dashibodi betri ikiwa imejaa, na picha ya waya wa kuchajia, kwa kuwa waya huo husahaulika na si wa bei ndogo.

Kodi niliilipia Ohio, ambako hati ya umiliki hutolewa, ajabu kidogo, na ofisi ya karani wa mahakama ya kaunti. Kaunti ya Franklin ilikuwa inatoza asilimia 7.5, na juu yake kuna ada ya dola 150 ya kila mwaka kwa magari ya aina hii, kufidia kodi ya petroli. Fedha hizo zinaniuma, maana petroli bado nanunua.

Jambo ambalo sikulifikiria ni sevisi. Wakala wa Toyota aliye dakika kumi kutoka kwangu alibadilisha oili vizuri, nami nikaamini kwamba nimepata pa kwenda. Mwezi wa Novemba gari likaanza kukatisha chaji usiku: nachomeka saa tatu, naamka nakuta betri haijafika hata nusu, ilhali kwa umeme wa volti 120 wa nyumba za huku muda wa saa 12 hivi hutosha kuijaza. Wakala yule alikaa na gari siku mbili, kisha mpokezi akaniambia kwa upole kwamba hawana fundi aliyesomea umeme wa volti kubwa wa modeli hiyo, na kwamba nyaya za rangi ya chungwa, zinazobeba umeme huo, hakuna anayeruhusiwa kuzigusa. Nilimwonyesha waranti ya betri, ambayo ni ya miaka 10 au maili 150,000 na hulifuata gari hata likiuzwa. Hakubisha, alisema tu waranti ninayo, ila fundi hapo hayupo.

Nilipiga simu kwa mawakala wanne. Wa nne, aliye mwendo wa dakika hamsini, alikuwa na fundi mmoja mwenye ujuzi huo, tena kwa siku mbili tu za wiki. Fundi huyo alilichomeka gari kwenye chaja yao, likajaa bila kusita, akaniambia nikaitazame soketi ya nyumbani. Kweli, soketi ya gereji ilikuwa imelegea na kupata joto, na waya wa kuchajia ulikuwa ukijikata wenyewe kwa usalama. Fundi umeme aliweka soketi mpya yenye laini yake peke yake kutoka kwenye meni swichi. Gharama ya uchunguzi niliilipa mfukoni, kwa sababu waranti ya gari haihusiki na soketi ya nyumba.

Tangu hapo sina lalamiko juu ya gari lenyewe. Safari yangu ya kazini, kwenda na kurudi, ni maili 28, na katika miezi ya joto naimaliza bila injini kuwaka. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi chini ya sifuri, injini huwaka yenyewe ili kupasha joto ndani. Mara ya kwanza nilidhani limeharibika. Oili bado nabadilishia kwa wakala wa jirani, na mengine yote nampelekea yule wa dakika hamsini, ambaye ningempigia simu kabla hata ya kumpigia muuzaji wa Baltimore.